Siku Nilipotambaa Boma Zima kwa Ajili ya Wacuka

Ndugu wananchi, wazazi na walezi wote wa magharibi ya Kenya, anayewaandikia ni Wabwile, Mkaguzi Mkuu wa Usalama wa Watoto, Kanduyi na vitongoji vyake.

Cheo hicho nilijipa mwenyewe.

Na siku niliyoanza kazi, jirani yetu Nanyama alichungulia mlangoni akanikuta chini ya meza, kwa magoti na mikono, ulimi nje.

Alienda kwa mama yangu.

"Mama Agneta, huyu kijana yako shule imemrudisha na nini?"

Ngoja nieleze.

Ilikuwa likizo ya Aprili, 1988. Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni. Dada yangu Agneta alikuwa ameolewa Kitale, akazaa msichana, akamwita Wacuka, jina la mama mkwe wake, kama desturi ya Wakikuyu inavyotaka.

Mimba ilikuwa imemtoa Agneta katika chuo cha ualimu. Sasa chuo kilikubali arudi amalizie. Mama akasema mtoto aletwe kwetu.

Lakini mama mkwe, Cucu Wacuka, yaani Nyanya Wacuka, alitaka kuja kuona boma kwanza. Yeye mwenyewe alikuwa na mguu mbovu, hangeweza kukimbizana na mtoto anayetambaa.

Alituma neno: akiona hatari hata moja, mtoto anarudi Kitale na mama yake anasahau chuo.

"Wabwile," Mama akaniambia, "tengeneza hii boma. Sitaki kuona dada yako akilia tena."

Bwenini kwetu, prifekti hukagua kwa kupitisha kidole juu ya dirisha. Mimi nilifikiri zaidi. Mtoto wa miezi tisa haishi juu ya dirisha. Anaishi chini.

Kwa hivyo nilitambaa.

Ndugu zangu, kule chini ni nchi nyingine. Nilipata wembe chini ya kabati. Nilipata pini, harage lililokauka, na sabuni iliyotafunwa na panya. Ulimi ulikuwa nje kwa sababu nilikuwa nakadiria mtoto angelamba nini kwanza.

Chini ya kitanda kulikuwa na mafuta ya taa, ndani ya chupa ya soda. Mtoto angeyanywa kama soda. Kila nyumba niliyoijua ilikuwa na chupa kama hiyo.

Niliyamimina kwenye kibuyu cha plastiki nikakitundika kwenye boriti. Pipa la maji ya mvua nikalifunika kwa bati na jiwe. Jiko nikalizungushia matofali. Mlango wa choo nikaupigia komeo juu kabisa.

Mama alipopita kuangalia, alitembea kama yuko kanisani.

Binamu yangu Mukhisa hakushangazwa. Alikuwa ametoka Malakisi asubuhi hiyo, alikokuwa akivuna tumbaku kwa mjomba.

"Ati mkaguzi. Si ni wewe uliwekea mwalimu chura kwa droo?"

"Hiyo ni historia, bana."

Wageni wakafika. Cucu Wacuka alikuwa na kitambaa cheupe kichwani na fimbo mkononi. Agneta alikuwa nyuma yake na mtoto, ananiangalia kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Mafuta ya taa iko wapi?" Cucu akauliza.

Mama akaonyesha juu.

"Na wembe?"

Mama akaonyesha juu tena.

"Hapa kwenu kila kitu inaishi juu," Cucu akasema. Nikaona anataka kutabasamu. Agneta akavuta pumzi, akamweka mtoto chini uani.

Kwetu mgeni wa heshima huonyeshwa jogoo wake akiwa hai kabla hajachinjwa. Mukhisa akamleta. Jogoo akapiga mbawa, akamponyoka, akakimbia nyuma ya jikoni.

Wacuka mdogo akamfuata kwa magoti na mikono, anacheka.

Nyuma ya jikoni.



Mwanzo wa likizo Mukhisa aliniwekea upupu kitandani. Mimi nikachimba shimo katika njia yake ya kwenda kuoga, hapo hapo nyuma ya jikoni, nikalijaza kinyesi cha ng'ombe na maji, nikalifunika kwa mabua, majani ya ndizi na udongo. Kisha yeye akaenda Malakisi. Na mimi nikapanda cheo.

Nilikimbia. Niliruka juu ya mtoto, nikatua shimoni kabla yake, miguu ikazama mpaka magotini, uso ukafuata.

Wacuka akaketi ukingoni akapiga makofi.

Agneta akambeba akamkumbatia. "Wabwile ameokoa mtoto wangu."

Nikainua mkono uliojaa kinyesi, kwa unyenyekevu. "Ni kazi tu."

Cucu akaja pole pole. Akachokora majani kwa fimbo.

"Kijana, hii shimo ilikuwa imefunikwa?"

"Ndiyo, Cucu."

"Mtu hawezi kuona?"

"Hawezi. Imefunikwa vizuri sana."

"Sasa wewe uliona aje?"

Mukhisa alikuwa wa kwanza kuelewa. Nilimsikia akianza kucheka kwa pua.

Nilimtazama Agneta. Chuo chake kilikuwa kinazama na mimi mle shimoni.

"Ni yangu, Cucu. Nilichimbia Mukhisa, nikasahau. Tafadhali usirudishe mtoto. Fukuza mimi."

Mama mkwe akanitazama kutoka nywele hadi mahali miguu ilipopotelea.

"Nyumba iko sawa," akamwambia Mama. "Jiko iko sawa. Kuna kitu moja tu mlisahau kufungia." Fimbo ikanielekea kifuani. "Huyu akirudi shule, mtoto atakaa."

Agneta akacheka mpaka akalazimika kuketi.

Hapa ndipo ningependa kumalizia, na funzo langu ni hili: kabla hujatafuta hatari inayomngoja mtoto, anza na mwenye kutafuta. Asanteni kwa kunisikiliza.

Lakini Mama hakuwa amemaliza.

"Wabwile. Ulichimba moja tu?"

Nikatazama kinyesi.

"Mbili, Mama."

Hakuna aliyesogeza hata kidole. Mukhisa aliacha kucheka. Cucu, ambaye alikuwa ameinua mguu wake mbovu, aliuacha hapo hapo hewani.

"Na hiyo ingine iko wapi?"

"Hapo ndipo kuna shida, Mama," nikasema. "Hiyo niliifunika vizuri hata zaidi."