Kueleza Msiba Rooty Hill

Mimi hasira zangu ziko karibu, nasema mapema ili mtu asije akashangaa huko mbele. Mzee niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake Guildford, huku ughaibuni, alinisaliti, tena kwa kutumia mila yangu mwenyewe. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nilimhudumia miaka kadhaa. Namwogesha, namvisha, namlisha uji wa shayiri, halafu tunapiga soga mpaka shifti iishe. Nilimwita Mzee, nikamweleza kwamba kwetu ni neno la heshima, akalipenda hata akawa anajitambulisha hivyo kwa muuguzi anayekuja kumfunga kidonda. Mzungu aliyekaribia kutimiza miaka mia, mpole, mcheshi. Akinitania kwamba chai yangu ina sukari ya kuua farasi, namjibu kwamba farasi wa kwao ni dhaifu. Nilimpenda, sifichi.

Sebuleni alitundika picha ya ndege ya zamani: mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, injini moja puani, na viti viwili vya wazi, kimoja nyuma ya kingine. Wakati wa vita kuu ya pili, alinieleza, vijana walifunzwa kwa ndege hizo kabla ya kupewa za kupigania. Mbao na kitambaa tu. Wengi walifia humuhumu nchini, adui hata hawakumwona. Rafiki yake alikuwa mmoja wao. Walipanda pamoja kufanya mazoezi, rafiki kakaa mbele, yeye nyuma, ndege ikagonga mti kwenye shamba la mtu. Rafiki akafa, yeye akavunjika mguu.

"Ilikuwaje?" nilimuuliza.

"Ajali," alisema, akaomba chai nyingine.

Rafiki huyo aliacha mdogo wake wa kike, ambaye sasa ni bibi kizee anayeishi peke yake Rooty Hill. Kila mwaka, siku ya kuwakumbuka wanajeshi, Bibi huyo alimpigia Mzee simu, na kila mwaka Mzee alinipungia mkono niseme amelala. Safari moja nikachoka kudanganya, nikakaa nikazungumza naye. Aliniambia anataka kitu kimoja tu kabla hajafa: aliyekuwepo amwambie kaka yake alikufaje. Wakubwa wa jeshi waliwaambia wazazi kwamba kijana wao alikuwa akicheza, alishusha ndege chini ili kumwonyesha ufundi msichana wa shambani, akajiua kwa ujinga wake. Baba yao aliona aibu, akapiga marufuku jina lake mezani. Bibi peke yake ndiye aliyekataa kuamini.

"Kaka yangu alikuwa haniruhusu kukaa kwenye bembea mpaka avute kamba, kisha aivute tena," aliniambia. "Mtu wa namna hiyo hachezi na ndege."

Kwetu, mtu akifia mbali, aliyekuwa naye ndiye anayekuja kueleza msiba. Anakaa chini mbele ya wafiwa na kusema mwanzo mpaka mwisho. Kaka yangu mimi alipouawa tukikimbia Burundi, mama alikaa kambini Kigoma hali wala halali, mpaka jirani aliyekuwa naye alipotufikia. Jirani yule alieleza yote, hata kwamba yeye alitimua mbio akamwacha kaka anamwita. Alilia kwa aibu. Mama aliinuka akamkorogea uji. Siku ile ndipo alipolala.

Nikamsimulia Mzee habari hiyo. Nikamwambia, "Nenda ukaeleze msiba. Wafiwa wakielezwa wanapata amani, na aliyeeleza naye anapata." Baada ya siku kadhaa akakubali. Furaha niliyokuwa nayo, we acha tu! Mama mmoja Mkongo wa kanisani kwetu alinionya kwamba wazungu hawana mambo hayo, nitaaibika. Nilimbishia mpaka akanyamaza. Akilini mwangu mtu yeyote, awe wa wapi, akikaa mbele ya mfiwa hawezi kusema uongo. Sikuwahi kuona.

Tulikwenda siku ambayo si ya kazi. Nilivaa kitenge. Bibi alikuwa kaoka keki, na picha ya kaka yake ikitutazama kutoka ukutani. Kabla Mzee hajafungua kinywa nilisimama, kama anavyosimama msindikizaji kwetu, nikasema, "Bibi, huyu nimemleta mimi. Atakayoyasema ni ya kweli. Mimi ndiye dhamana yake."

Mzee akaeleza, kwa sauti laini, machozi yakimlenga. Kwamba rafiki yake ndiye aliyeshika usukani. Kwamba alimwona msichana uani, akashusha ndege ili ampungie. Kwamba yeye Mzee, kule nyuma, alimpigia kelele kwenye bomba la kusemezana, inua, inua, lakini mwenzake alikuwa anacheka tu. "Hakuteseka," alisema.

Bibi akaenda chumbani, akarudi na skafu nyeupe ya hariri ya marehemu, aliyoitunza tangu vita, akamvisha Mzee shingoni. Mimi nililia kuliko wote.

Tukirudi, Mzee alikuwa anakula keki tuliyofungiwa. "Imekwenda vizuri, sivyo?" akasema. Nikamwambia vizuri sana. Akafuta midomo. "Kwa kweli aliyeishusha ndege nilikuwa mimi. Ndege ile ina usukani kwenye viti vyote viwili. Nilimwambia auachie, niirushe mimi. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga kelele. Lakini umeona alivyopata amani? Mila yenu ni nzuri."

Nilisimamisha gari pembeni ya barabara. Lo! Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya moto.

"Kwa nini?"

"Wakubwa walipokuja kuniuliza hospitalini, yeye alikuwa keshakufa. Lawama haimuumi maiti. Nilikuwa kijana."

"Na leo? Leo ulikuwa kijana?"

Alikunja kikaratasi cha keki, akakitia mfukoni. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema wahenga, na huyu nguo zake nilikuwa nazifua mimi.

Wiki hiyo nilifanya kazi bila kuzungumza. Chai nilimpa bila sukari, akainywa. Kisha Bibi akanipigia kunishukuru. Sauti yake ilikuwa bapa, haina kitu ndani. "Nimeitoa picha ukutani," alisema. "Baba alikuwa sahihi. Maisha yangu yote nimebishana na baba bure." Akanitakia siku njema.

Jamani. Bibi huyu alikuwa na kaka mmoja, akamlinda moyoni tangu utotoni, na mimi ndiye niliyemletea mtu wa kumpokonya.

Asubuhi yake nilimkuta Mzee amevaa ile skafu. Muuguzi alikuwa amemsifia. Nikamwambia, "Ivue. Twende Rooty Hill."

"Nimechoka. Acha siri hii ife nami."

"Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nikaenda kumpaka mfiwa mwenzangu. Nakwenda, uje usije." Sheria za kazi zinakataza kutoa siri ya mteja, hilo nilijua, na Mzee alijua kwamba najua na bado nakwenda. Alinitazama, akaivua skafu mwenyewe, akanyoosha mikono nimvalishe koti.

Tulipofika alikataa kushuka. Alishika mkanda wa gari kwa mikono yote miwili, macho kayakaza kwenye kioo cha mbele. Nilimbembeleza, nikamfokea, wapi! Nikaingia peke yangu.

Nilikaa chini kwenye zulia, kama alivyokaa yule jirani mbele ya mama. Nikamrudishia Bibi skafu. Nikamweleza msiba wa kaka yake upya, mwanzo mpaka mwisho, na kwamba mimi niliyejiita dhamana nilidanganywa kama yeye. Akauliza, "Kaka yangu alikuwa anapiga kelele akisemaje?"

"Inua. Alikuwa anamwambia inua."

Akatikisa kichwa taratibu, akaipitisha skafu mikononi. "Na yeye yuko wapi?"

"Yuko garini."

Alikwenda dirishani. Nami nikasimama, mkono tayari kwenye kitasa, nikingoja aniambie kamlete, kwa sababu mama yangu alikoroga uji. Alimtazama Mzee kwa muda. Mzee naye alimwona, nina hakika, maana aliinua mkono kidogo. Bibi akafunga pazia.

"Nisaidie kuitundika picha," alisema.

Nikasogeza kiti ukutani, nikanyanyua mguu nipande. Akanizuia. Alikishika kile kiti kwa mikono yake dhaifu, akakitikisa, akakitikisa tena, ndipo akaniambia panda.