Mtoto wa Mwalimu Mkuu

Shuleni kwetu matokeo ya mtihani wa mwisho hayakubandikwa ukutani. Mwalimu mkuu aliyasoma mwenyewe mbele ya shule nzima, na kila aliyefaulu alitoka mstarini, akapanda ngazi za ofisi na kusimama kando yake. Mwalimu mkuu huyo alikuwa baba yangu.

Nilisimama nikisubiri jina langu, nimevaa shati ambalo mama alilipiga pasi mpaka likang'aa. Baba alisoma. Wakapanda wenye akili, wakapanda watukutu, akapanda hata yule tuliyemwita Gogo kwa jinsi alivyokuwa akilala darasani. Alipofika mwisho, baba aliigeuza karatasi akatazama upande wa pili. Upande huo ndio uliokuwa ukitutazama sisi muda wote, mweupe pe. Aliutazama hata hivyo, kisha akaikunja karatasi na kuwapongeza waliofaulu. Kama baba yangu angekuwa mchuuzi wa vitunguu, nadhani ningefeli kwa raha zangu.

Jioni jirani alipouliza, baba akajibu, "Alikuwa na homa siku ya mtihani." Homa gani? Nilikuwa mzima wa afya, hesabu tu zilinishinda. Lakini wajomba waliambiwa homa, mashangazi wakaambiwa homa, na hakuna ugonjwa uliodumu katika ukoo wetu kama huo.

Nilikataa katakata kurudia darasa. Mjomba alikuwa na karakana ya makochi, akanichukua. Alinifundisha kuvua kitambaa kikuukuu bila kukichana, ili kiwe kipimo cha kukatia kipya, kukaza mikanda ya chini ya kiti mpaka ukiigonga inalia, na kuficha mshono mahali ambapo mgongo wa mtu hautaukuta. Kazi niliipenda, sitasema uongo. Ila kila alipoingia mteja aliyevaa vizuri, nilimchungulia kwanza usoni nijue kama ni mtu wa shule yetu. Siku Gogo alipokuja kuulizia viti vya ofisini kwake, nilijibanza nyuma ya marobota ya sponji mpaka mjomba akamalizana naye. Mtu mzima, nina mke na watoto, nimejificha kama panya!

Mjomba alipozeeka aliniachia vifaa vyake, nikahamishia karakana uani kwangu. Mama alipofariki, baba naye akaja kukaa kwetu. Asubuhi alivuta kiti karibu na meza yangu ya kazi, akakaa mgongo wima, akinitazama nikipiga misumari. Hakuisifu kazi yangu wala hakuiponda, na mimi nilikuwa na hakika najua anachowaza.

Ndipo wakapiga simu wanafunzi wake wa zamani, wa madarasa ya baada yangu, watu ambao sikuwahi kuonana nao. Walitaka kuja nyumbani kumshukuru. Baba alifurahi kama mtoto. Asubuhi ya siku hiyo alinifuata karakana.

"Leo funga kazi mapema," akasema. "Utakaa na sisi sebuleni."

"Baba, nina kochi la mtu hapa."

"Kochi lina miguu lakini halikimbii. Na uvae lile shati la bluu."

Mke wangu aliyasikia yote kutoka jikoni, akaangua kicheko. "Baba watoto, mpaka nguo umechaguliwa! Leo kweli una mtihani."

Alikuwa anatania tu, lakini neno mtihani lilinirudisha mstarini. Sikulivaa lile shati. Nilijitia nina kazi nyingi, na wageni walipofika nilikuwa bado uani, chembe za sponji zimejaa kichwani. Ningebaki huko mpaka waondoke, ila mke wangu alikuwa anakaanga, akaniita nipeleke chai. Nikajikaza kisabuni, nikaingia na sinia.

Walikuwa watatu. Mama mmoja hakimu, meneja wa benki, na daktari wa meno ambaye kila aliponitazama nilifunga mdomo. Hakimu alikuwa anapapasa mkono wa kochi alilokalia.

"Mwalimu, makochi haya mazuri jamani," akasema. "Umeyapata wapi?"

Baba akanishika mkono, huo huo uliojaa gundi, akakohoa kusafisha koo. Nikaona ile homa ya mtihani inakuja. Nikaziona nyuso tatu za watu waliofika mbali zikinigeukia kwa huruma, na mimi nimesimama na sinia. Sikungoja.

"Mimi ni fundi tu, mama," nikasema harakaharaka. "Mzee ananipa vikazi hapa kwake."

"Aa, kumbe ni wewe! Hongera, fundi. Usiondoke kabla hujanipa namba yako." Kisha akamgeukia baba. "Na watoto, Mwalimu? Wako wapi siku hizi?"

Baba aliuondoa mkono wake taratibu.

"Ninaye mmoja," akasema. "Nilitaka sana mumwone leo."

"Amebanwa na kazi?"

"Hapana. Naona hakupenda."

Nilitoka na sinia bado lina vikombe viwili ambavyo sikuvigawa. Uani nilikaa juu ya robota la sponji, uso unaniwaka. Nilikuwa nimezoea kumwonea baba aibu kwa uongo wake, na sasa nilikuwa nimesema wangu mbele yake, tena bila kuulizwa. Niliona aibu ambayo sikuiona hata siku ile mstarini.

Wageni walipoondoka nilirudi sebuleni kukusanya vyombo. Baba alikuwa bado amekaa.

"Baba, nisamehe," nikasema. "Nilidhani utawaambia habari ya homa."

"Nilitaka kuwaambia kwamba kochi alilokalia hakimu amelitengeneza mwanangu."

Alisema bila hasira, na afadhali angefoka. Akajaribu kuinuka, magoti yakamgomea. Nikamkimbilia, nikamshika kiwiko mpaka akasimama sawasawa. Akapangusa chembe ya sponji iliyotoka kwangu ikanasa kwenye shati lake.

"Asante, fundi," akasema, akaenda chumbani kwake.