Kigari Chekundu Kilichobaki Njia ya Mandawa

Nilipokuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, hapa Nachingwea palikuwa na reli. Wazungu waliijenga kwa ajili ya karanga, karanga zikawashinda, reli ikabaki. Nilikuwa nalala kifudifudi naweka sikio juu ya chuma, nalisikia garimoshi likiwa bado mbali, na baba akinikuta ananichapa. Siku moja nikaweka sikio, kimya. Kesho yake kimya tena. Kisha wakaja watu wakaing'oa kipande kwa kipande. Baba akasema, "Wataleta nyingine." Amekufa anaingoja.

Sijui kwa nini nimeanza na reli. Nadhani ni ule mlio. Uliniingia mwilini ukakaa humo miaka yote, mpaka siku kijana mmoja wa machimbo ya dhahabu ya Ruangwa alipopita mbele ya shamba langu na kigari chekundu cha milango miwili, kimelala chini kama kobe, bomba lake la moshi linaunguruma. Nilisimama na jembe mkononi kama mjinga. Baadaye dhahabu ikamkimbia yule kijana, mimi korosho ikanikubali msimu ule, na kigari kikahamia uani kwangu. Watu walicheka sana. Mzee mzima na gari la vijana!

Sasa kila nikienda sokoni mnaniuliza kiko wapi. Naeleza leo, mara moja, msiniulize tena.

Kwanza mjue kwamba sikukinunua kwa ubishoo tu. Mke wangu Somoe ana nyonga mbovu. Kupanda pikapu hawezi, kutanua miguu kwenye pikipiki hawezi. Lakini kiti cha kigari kile kilikuwa chini kabisa, kama kibao cha mbuzi, na mwanamke aliyekuna nazi maisha yake yote anajua kushuka kwenye kibao. Aligeuka, akashusha makalio, akaingiza miguu, akacheka. Miaka miwili alikuwa hajatoka uani.

Barabara zetu mnazijua, kwa hiyo fundi Chande alikata raba ya tairi la trekta akaipachika juu ya springi, bodi ikanyanyuka, na chini akafunga bati la kukinga sampo ya oili ya injini. Kiti hatukukigusa. Bomba nilitaka kubadilisha, Somoe akakataa. "Liache hilo. Likinguruma, majirani wanajua natoka."

Basi kila Alhamisi jioni nakiosha, Ijumaa baada ya swala namzungusha mjini polepole. Msimu wa kupuliza mikorosho dawa, mifuko ya salfa ikawa inapanda kwenye buti. Nyumba gani hapa haibebi salfa kwa chombo ilichonacho? Somoe mwenyewe alisema, "Gari tunalo, utabebaje kichwani?" Ule unga wa njano ulikuwa unaingia kila upenyo, chini ya mazulia, nyuma ya dashibodi, na mimi naufuta kwa kitambaa kibichi, nakamua, nafuta tena. Nilijiona msafi kuliko madereva wote wa wilaya hii.

Asubuhi ya safari ya mwisho ya kigari, simu ilipigwa kutoka Mandawa. Mwanaisha, dada yake Somoe, amezidiwa. Somoe hakulia. Alisema, "Washa gari." Hao wawili tangu usichana waliahidiana: atakayetangulia, mwenzake amwoshe. Si mtu mwingine. Niliijua ahadi hiyo kabla sijamwoa, maana siku ya kwanza kwenda kwao walinitania kwamba na mimi wataniosha wao, kwa maji ya baridi.

Kutoka Nachingwea kigari kilikwenda vizuri, tena vizuri mno. Ufuta ulikuwa umekatwa, umesimamishwa mafungu mafungu mashambani unakauka, na Somoe alishusha kioo akatoa mkono nje kama msichana. Kwenye mchepuko wa barabara inayotengenezwa, kijana wa bodaboda akatusogelea.

"Babu, hiyo gari au kiatu?"

Somoe akamjibu kabla yangu. "Kiatu, mjukuu wangu. Lete mguu tukupime."

Kijana alicheka mpaka pikipiki ikayumba. Hiyo ndiyo furaha ya mwisho kwenye safari hii, kwa hiyo nimeiandika yote.

Adhuhuri, tunaingia Ruangwa, kigari kikaanza kukohoa. Taa za dashibodi zinawaka zote, zinazima zote. Nikasimama kwa fundi umeme mmoja karibu na soko, akafungua, akavuta waya nyuma ya redio. Ukakatika mkononi mwake kama kijiti cha kibiriti kilicholowa. Ndani mweusi. Akavuta mwingine, vilevile.

"Mzee, humu ulikuwa unabeba nini?"

"Salfa."

"Na maji yameingiaje?"

"Nilikuwa nafuta."

Akaniangalia kwa huruma, na huruma ya fundi ni mbaya kuliko matusi yake. "Unga mkavu ungeupuliza tu ukatoka. Maji ndiyo yaliyoupa meno, shaba yote imeliwa. Niachie mpaka kesho, nifunge waya mpya."

Hapo hapo simu ikaita. Mpwa wake Somoe, mtoto wa Mwanaisha, anaitwa Athumani. Somoe akasikiliza, akaiweka simu mapajani. Mwanaisha ameshatangulia. Wanawake wameshateka maji. Watamsubiri mdogo wake mpaka alasiri, zaidi ya hapo haiwezekani.

Nikasema tutafute chombo kingine. Somoe akaangalia zile bodaboda, akaangalia pikapu moja iliyosimama juu juu pale, akaniangalia mimi.

"Baba Hadija, chombo changu ni hiki. Twende. Kikifa, kitufie njiani."

Yule fundi akaunganisha waya mbili tatu haraka haraka.

Njia ya Mandawa ni vumbi na makorongo. Tulikwenda, tukaenda, nikaanza kuamini. Halafu katikati ya mikorosho bomba likanyamaza. Halikukohoa, lilinyamaza tu, kigari kikatembea kidogo chenyewe na kusimama. Nilizungusha ufunguo mpaka kidole kikauma. Nilishuka nikasukuma peke yangu, Somoe ndani ameshika usukani, hajui hata ni wa nini. Jua linashuka, sisi tupo palepale.

Likaja guta, ile pikipiki ya matairi matatu, limejaa magunia ya ufuta. Mwenye guta, Issa, akapanga magunia, tukamwinua Somoe watu wawili. Alipiga kelele moja tu, pale mguu ulipokunjuka. Njia nzima alikuwa ameuma mtandio.

"Bibi, niende polepole?" Issa akauliza.

"Nenda mbio."

Tulipofika Mandawa, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, wananawa miguu kwenye ndoo. Athumani alikuja akashika guta, akasema, "Mama mdogo, tumesubiri. Wallahi tumesubiri." Somoe akasema anajua. Akaomba apelekwe nyuma ya nyumba, palipochimbwa shimo la maji ya kuoshea. Walikuwa wameshalifukia, udongo bado umelowa. Tukamkalisha chini. Akaweka viganja vyake juu ya tope lile, akaanza kulisugua taratibu, kama anavyosugua mgongo wa mtu. Wanawake wakaondoka mmoja mmoja. Na mimi nikaondoka.

Mtu akirudi safari anatakiwa aseme amejifunza nini. Nimejifunza kwamba kitu nilichokipenda nilikuwa nakiua kila Alhamisi kwa kitambaa kibichi, huku napiga mluzi. Elimu hiyo sasa nimpelekee nani? Somoe yuko Mandawa mpaka leo, kwa wapwa zake. Guta ameapa hapandi tena, na kiti kingine cha chini kama kile sijakiona. Nikienda kumtazama namwambia wa bodaboda apite njia ya mashambani, ingawa inazunguka, na yeye hunilaumu kwa mafuta yake.

Maana asubuhi ile ya kurudi nilikipitia. Kilikuwa palepale, kimelowa umande, chekundu kama siku ya kwanza. Nikazungusha ufunguo mara moja. Nikachukua kanga ya Somoe nyuma ya kiti. Kisha nikainama nikaweka sikio juu ya boneti. Kimya.

Nikaacha ufunguo mahali pake, nikaurudishia mlango taratibu, nikashika njia ya Ruangwa kwa miguu. Sikugeuka. Sijarudi.