Siku Nilipomzimia Mjomba Mashine

Waziri alikuwa kwenye runinga ya kantini akisoma ushauri wangu, na kadiri alivyozidi kusoma ndivyo nilivyogundua kuwa si wangu.

"Wataalamu wetu wamelichunguza bwawa," alisema. "Ule utando wa kijani ni wa msimu tu. Wananchi wachemshe maji, wanywe, wasiwe na hofu."

Nikaweka kijiko chini.

Mimi nilikuwa nimeandika kinyume chake kabisa.

Ngoja niwaeleze nilifikaje pale.

Nilikuwa nasoma shahada ya uzamivu. Utafiti wangu ulihusu ule mwani unaoota juu ya maji yaliyotuama, kijani mpaka unadhani mtu kamwaga rangi. Kuna aina zake zinatoa sumu inayokula ini.

Mjomba wangu hakuchoka kunitania. "Wenzako wanasomea udaktari wa watu, wewe mpwa wangu umekwenda kusomea udaktari wa uvundo!"

Serikali ikaanzisha mpango wa kuwachukua wanafunzi kama sisi na kuwaweka wizarani mwaka mzima, wawe washauri wa sayansi. Nikaomba, nikapata, nikapangiwa Wizara ya Maji. Nyumbani walipiga vigelegele utadhani uwaziri wenyewe nimepewa mimi.

Ofisini waliniita Nusu Daktari. Mkurugenzi wangu naye, akiwa hasikii, tulimwita Ukurasa Mmoja, maana ukimpelekea kurasa mbili anakurudishia bila kusoma. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu.

Bwawa linaloulisha maji mji wa kwetu lilipogeuka kijani, kazi ikatua mezani kwangu. Sampuli nilikuwa nazo, nilizichukua humohumo kwa ajili ya utafiti wangu. Nikaandika ukurasa mmoja, lugha nyepesi: sumu ipo, na kuchemsha hakuiondoi.

Halafu nikaongeza jambo lililokuwa likininyima raha. Hospitali ya mji ipime maji yake haraka, hasa wodi ya kusafisha damu. Mtu mwenye figo mbovu maji hayo hayanywi. Yanapita ndani ya mashine, yanakutana na damu yake uso kwa uso.

Mjomba alikuwa mgonjwa wa figo. Kiti chake kilikuwa wodi hiyohiyo.

Basi nikatoka kantini mbio, nikaingia ofisini kwa mkurugenzi bila hata kubisha hodi.

"Mzee, ule si ushauri niliouandika!"

Hakuinua macho. "Ulihaririwa."

"Na nani?"

"Na wenye dhamana. Kaa chini."

"Mzee, watu wanachemsha maji wakidhani wanajiponya. Na kule hospitali..."

"Tangazo limeshatoka," akanikata. "Unataka Mheshimiwa arambe mate aliyoyatema mchana kweupe? Andika upya. Wiki ijayo tutaupitia."

"Wiki ijayo watu watakuwa wameshaunganishwa kwenye mashine!"

Hapo ndipo aliponitazama. "Binti yangu, ulisaini kutokusema nje mambo ya ndani. Ukipiga simu moja tu, hapa huna kazi. Na sidhani kama chuo kitakupokea kwa mikono miwili."

Nikatoka. Nikafika kwenye ngazi. Nikakaa hapohapo, watu wananiruka wakipita.

Nikapiga.

Muuguzi mkuu wa wodi alipokea kwa haraka ya mtu mwenye kazi nyingi. "Wewe ni nani?"

"Ni mwanafunzi, niko wizarani..."

"Mwanafunzi! Waziri kasema maji salama, mwanafunzi anasema yana sumu. Mimi nimsikilize nani?"

"Dada, nijibu moja tu. Vichujio vya maji ya mashine vilibadilishwa lini?"

Nikasikia akipekua makaratasi.

"Vipya vimeagizwa," akasema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Bado havijaja."

"Basi tafadhali..."

Hakunisubiri nimalize. Nikamsikia akipaza sauti kuwaambia wenzake: "Zimeni! Zote!"

Jioni mjomba akapiga. Alikuwa akihema kama aliyepanda mlima.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nasikia ni wewe uliyenizimia mashine."

"Mjomba, maji yale..."

"Sijakuuliza sababu. Nimetaka tu kujua kama ni wewe." Akacheka kidogo, kicheko kikakatwa na kikohozi.

Hospitali ya pili yenye mashine hizo ilikuwa mbali, na viti vyake vilikuwa vimejaa. Wagonjwa wa kwetu wakapangiwa zamu. Zamu ya mjomba ilipofika, maji ya mwilini yaliyokosa pa kutokea yalikuwa yamemjaa mapafuni. Wakamkimbiza chumba cha wagonjwa mahututi.

Mama hakunifokea. Ingekuwa nafuu angenifokea.

"Mwanangu," alisema kwenye simu, taratibu, "ndugu yangu akifa, nitakuuliza wewe."

Nilikuwa sili, silali. Maana nami sikuwa na uhakika! Nilijua bwawa lina sumu. Kama ilikuwa imefika mpaka kwenye mashine, sikujua. Je, kama nimemuua mjomba kwa kubahatisha?

Majibu ya maabara ya maji ya hospitali yakatoka. Sumu ilikuwa imevuka vichujio vile vikuukuu, ikaingia mpaka wodini.

Nikaitwa kwa waziri. Kimenuka, nikajisemea. Nikakusanya vitu vyangu kabisa kabla ya kupanda juu.

Waziri alikuwa mama wa makamo, miwani imemshuka puani. Ukurasa Mmoja alisimama pembeni kama mtoto aliyevunja sahani.

"Ni wewe uliyepiga simu hospitali?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Niliandika, Mheshimiwa."

Akamgeukia mkurugenzi. "Ushauri wake uliukata wewe?"

Mzee wa watu akatikisa kichwa. "Hapana, Mheshimiwa. Utaratibu unataka ushauri wa mwanafunzi upitiwe na msimamizi wake wa chuo. Nilimtumia profesa. Yeye ndiye aliyefuta. Alisema matokeo ni ya awali mno, nasi tukaweka ushauri wetu wa kila msimu."

Profesa wangu. Aliyenifundisha kushika darubini. Aliyeniandikia barua ya kuombea nafasi ile.

Wakati wote huo nilikuwa nikiwalaani wanasiasa.

Waziri alirudi kwenye runinga siku hiyohiyo, akafuta kauli yake. Maboza yakaanza kupeleka maji mjini.

Mimi nikaenda chuoni. Profesa alinikaribisha kiti kama kawaida.

"Prof, ulijua mjomba wangu yuko wodi ile?"

"Sikujua," akasema. "Lakini elewa. Matokeo yale hayajachapishwa. Waziri akiyatangaza, kesho kundi jingine la watafiti linatutangulia kuyachapisha. Miaka yako yote ingepotea. Nilikuwa nakulinda."

Alikuwa anaamini kila neno. Hilo ndilo lililonitisha.

Nikabadilisha msimamizi. Masomo yakarefuka. Wizarani mkataba wangu haukufutwa, ila haukuongezwa pia, na hakuna aliyeniaga.

Mjomba alipona, ingawa siku hizi anapumzika mara mbili kabla ya kufika mlangoni.

Lakini kuna mama mmoja, jirani yake wa kiti, alisafishwa damu asubuhi ile kabla sijapiga simu. Alifariki baadaye. Madaktari wanasema alikuwa na maradhi mengi, haijulikani ni lipi lililomchukua. Nilikwenda msibani, nikakaa nyuma na wanawake wengine. Binti yake akanishukuru kwa kuja. Sikumwambia mimi ni nani.

Ndugu msomaji, ukijua jambo linaloweza kumdhuru mtu, usilikabidhi ofisini ukajipangusa mikono. Litaguswa na mwoga, litaguswa na mwenye tamaa, tena litaguswa na anayekupenda. Lifuate kwa miguu yako mpaka limfikie anayekunywa yale maji.