Ijumaa kwa Baba

Kadhi aliamua kwamba baba atakuwa ananiona kila Ijumaa, kuanzia swala ya adhuhuri mpaka alasiri, tena mbele ya abti, yaani kaka yake mama. Ndoa yenyewe alikuwa ameivunja mwezi uliotangulia, baada ya kuutazama mkono wa mama, ambao mfupa wake uliunga vibaya. Mimi nilikuwa na miaka minane. Hakuna aliyeniuliza chochote, wala sikutegemea kuulizwa.

Halafu msako ukapita mtaani kwetu Garissa. Askari walikuwa wakiwatafuta mashifta, wale waasi wa porini, wakamzoa abti pamoja na wanaume wengine. Sharti la kadhi likabaki maneno matupu. Baba alikuwa mkalimani wa ofisi ya serikali. Wanajeshi walimpa sigara na kupiga naye soga. Nani angethubutu kumwambia asinichukue?

Ijumaa mbili za mwanzo alinirudisha kwa wakati. Alininunulia halua, akanichana nywele taratibu, nami, mjinga wa watu, nikaanza kumpenda upya. Naona haya kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa ya tatu alasiri ilipita tukiwa bado kwake. Baba akapika chai, akainywa, akapika nyingine. Kafyu ilianza saa kumi na mbili jioni, na aliyekutwa nje baada ya hapo angeweza kupigwa risasi. Zilipobaki dakika chache mama akatokea mlangoni, anahema, mtandio umemwangukia mabegani.

"Nipe mtoto," akasema.

"Mtoto amechoka. Ingia ulale, kwenu hutafika saa hizi."

Baba alilisema hilo kwa upole kabisa. Mama alikuwa akiuogopa upole wake kuliko kelele zake, ila mimi nilikuwa sijajua.

"Hooyo, ingia," nikamwita mama yangu. Nilidhani namsaidia.

Hakuvuka kizingiti. Alijua kwamba mwanamke akilala kwa mume aliyemshtaki, asubuhi wazee watasema amerudi kwa hiari yake, kwamba hakupigwa bali alianguka tu, na kadhi hatamsikiliza tena. Filimbi ya doria ikalia. Mama akanitazama, akageuka, akawaendea askari katikati ya barabara huku ameinua mikono.

"Nibeleke bolisi," akawaambia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi nalala huko."

Mmoja akamsukuma kwa kitako cha bunduki, wakaondoka naye. Baba akafunga mlango.

"Umeona?" akaniambia. "Amekuacha."

Kisha akavua mkanda.

Asubuhi mama alipofunguliwa selo alikwenda moja kwa moja kwa kadhi, naye akatuma watu wanilete. Alipoonyeshwa mgongo wangu hakuuliza swali. Alizifuta Ijumaa zote, na baba sikupelekwa kwake tena.

Mama ni mzee sasa. Nikimwuliza habari za jioni ile, hunijibu kwamba kama angeingia, hakuna kati yetu ambaye angetoka. Ni kweli, na wanangu nimewaeleza hivyo hivyo. Lakini bado nina hasira naye, maana yeye alilala polisi, na mimi nililala kwa baba.