Gari Tupu la Faradji

Hisa moja ya machimbo iliuzwa rahisi kuliko kuku, na ndiyo maana Faradji alinunua nyingi. Alikuwa dereva wa lori hapa Gisenyi, mtu wa msikitini, asiyelewa wala kukopa. Kazi yake ilikuwa kuteremsha kutoka milimani magunia ya gasegereti, yale mawe meusi yanayoyeyushwa kupata bati, hadi gati la ziwani. Kila alipolipwa mshahara alinunua karatasi moja ya mabati ya kuezekea, akailaza chini ya kitanda. Nyumba yao ya nyasi ilivuja, na mama yake mzee, aliyelala chumba cha nyuma, alikuwa na kifua kibovu. Faradji alimwahidi kwamba mvua kubwa za mwezi wa tatu hazitamkuta tena chini ya nyasi.

Ndipo meli ya Bukavu ikaleta gazeti. Phocas, karani wa machimbo, alilisoma kwa sauti barazani kwa fundi cherehani.

"Bon, musikilize! Mulima yetu iko na mali ya kulisha wajukuu ya wajukuu. Bei ya hisa itapanda mara kumi."

Palikuwa na picha ya mlima. Faradji aliiona hata ile kona ambapo hubadilisha gia, na picha ile ikammaliza. Jumamosi aliyavuta mabati yote, akayauza, akarudi na bahasha ya hisa.

Mkewe, Saidati, aliipindua bahasha mkononi. "Baba Muhamadi, hii itazuia mvua?"

"Mvua ikikuja tutakuwa na nyumba ya matofali."

"Na ikikuja kesho?"

Faradji aliisukuma bahasha chini ya kitanda, pale palipokuwa na mabati.

Mwezi wa pili magunia yalipungua. Munyakazi, mpakiaji wake, hakuficha neno.

"Shoferi, gari inaruka kama mbuzi! Zamani springi zilikuwa zinalala kwa uzito. Hii mulima imekwisha. Yule Mugiriki wa duka la chumvi angali ananunua hisa. Uza leo, urudishe mabati yako."

"We kazi yako ni mugongo. Gazeti inasema wamepata mwamba mupya."

"Gazeti ilipanda huku siku gani? Mi sikuipakia."

Wakacheka wote wawili, lakini kicheko cha Faradji hakikufika mbali. Alijua. Lori lililokuwa likishuka mteremko wa Rugerero limebanwa breki kwa hofu ya uzito, sasa lilirukaruka tupu kila kwenye shimo. Jioni alipita mbele ya duka la Mgiriki, akapunguza mwendo. Kisha akakumbuka kwamba gazeti la wiki ile lilitangaza bei imepanda tena, akakanyaga mafuta.

Tusimwite mjinga. Ushahidi alikuwa nao mgongoni mwa gari lake mwenyewe, akaenda kuulizia habari zake kwa mwandishi wa ng'ambo ya ziwa. Aliyefanya hivyo hakudanganywa tu; alisaidia kudanganywa.

Mvua ikaja. Saidati alihamisha mkeka wa mkwewe kutoka pembe hadi pembe, mpaka pembe kavu zikaisha. Mama alizikwa siku ya Alhamisi, udongo ukiwa tope.

Gazeti lililofuata lilitangaza kufungwa kwa machimbo, mistari miwili chini ya tangazo la sabuni. Phocas hakuisoma kwa sauti.

"Zile habari za kwanza nani aliandika?" Faradji alimuuliza.

Phocas alitazama viatu vyake. "Patron mwenyewe, mwenye machimbo. Gazeti aliilipa tu ichapishe."

Faradji alipewa safari moja ya mwisho: kuteremsha mabati ya kambi ya wafanyakazi, iliyokwisha kubomolewa na kuuzwa. Munyakazi alipakia mabati bila mzaha wowote, karatasi juu ya karatasi, hadi ukingoni. Lori likashuka Rugerero polepole, breki zimebanwa, mabati yakigongana nyuma njia nzima. Springi zilikuwa zimelala.