Makaa Yaliyooshwa kwa Mgeni

Niliondoka Butembo kwa sababu ya mdogo wangu Masika. Alikuwa Beni, mimba imefika mwisho, mtoto amekaa vibaya, na daktari alisema lazima apasuliwe. Lakini vita vilikuwa vimefunga njia ya Kasindi, mpakani na Uganda, petroli haiingii, na chumba cha upasuaji hakikuwa na umeme. Mimi ni mwalimu wa ufundi. Nilikuwa nimeandika programu ya kompyuta: unaiambia kiasi cha makaa, hewa na unyevu, nayo inakokotoa gesi itakayotoka makaa yakiungua kwa hewa haba. Gesi ikiwa nzuri, huendesha jenereta. Kwenye skrini ilikuwa nzuri siku zote, lakini skrini haizalishi mtu.

Asubuhi nilipanda pikipiki, kompyuta nimeificha ndani ya koti. Dereva alikwepa mashimo taratibu, nami nikimgusa bega kila mara.

"Mwalimu, unataka tufike ao tuanguke?"

Nikatulia kidogo, kisha nikamgusa tena.

Kijijini Maboya tulikuta kizuizi. Askari akanifungua koti.

"Hii ni radio ya kuita adui?"

"Hapana radio, chef. Ni machine ya kuhesabu moto."

"Moto inahesabiwaka?" Akawaita wenzake waje kumwona mtu wa kuhesabu moto. Walicheka kwa raha zao huku jua likipanda. Nilitamani kuwapigia kelele. Nikacheka nao.

Baada ya mteremko wa Kabasha joto lilitupokea, na adhuhuri tulikuwa Beni. Masika alikuwa amelala hospitalini kwa ubavu, mkono wake baridi.

"Yaya, umekuja na mwangaza?" akauliza; yaya kwetu ni ndugu mkubwa.

"Nimekuja nao," nikasema, wala sikuwa na hakika.

Nyuma ya wodi, fundi wa hospitali alikuwa ameshaunga mapipa na jenereta kwa mchoro niliomtumia kwa simu. Mama Katungu, kiongozi wa akina mama wa parokia, akanionyesha makaa waliyoyatayarisha. Yaling'aa. Yalikuwa yakichuruzika maji.

"Tuliosha yote, moja moja," akasema kwa fahari. "Mugeni hapana kumupatia kitu ya buchafu."

Kwetu mgeni hupanguziwa hata kiti. Ningesema nini? Nilifungua kompyuta, nikaandika unyevu ule. Maji kidogo hugeuka hidrojeni na kuineemesha gesi. Maji mengi huupoza moto, na gesi haiwaki. Nikaongeza hewa, nikapunguza hewa, jibu likawa lile lile. Niliichukia ile programu kwa kuwa ilisema kweli.

Tukaanika makaa kwenye mikeka ya kuanikia kahawa. Wingu likaja. Nilizunguka mikeka ile kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka muuguzi akatoka.

"Mwalimu, docteur anasema hapana kungoya tena."

"Mama Katungu, makala ya kuwasha, ya kukauka, iko wapi?"

"Sokoni hakuna, bachomaji ya makala banaogopa vita ya pori. Iko mu manyumba yetu tu. Ile ya kupikia leo."

Aliwatazama wenzake. Wakaondoka wote. Nilidhani nimewaudhi.

Walirudi na mabeseni. Mmoja alileta makaa yaliyokwisha kuwashwa, ameyatoa chini ya chungu na kuyazima kwa majivu.

"Maharagi itangoya," akasema. "Mutoto hapana."

Tukajaza mapipa, tukayawasha makaa, gesi ikaja. Jenereta ikakohoa, ikazimika, ikakohoa tena, ikashika. Taa ikawaka chumbani, nami nikalia mbele za watu bila aibu.

Alasiri mtoto wa kike alitoa sauti. Jioni mtaa wa akina mama wale ulikula maparachichi na ndizi mbivu, na hapakuwa na moshi juu ya paa hata moja.

Kesho yake nikarudi. Pale Maboya askari yule aliniuliza kama moto ulihesabika. Nikamwambia ulihesabika, akacheka tena.

Butembo niliongeza swali moja mwanzoni mwa programu: "Makaa yameoshwa?" Wanafunzi hulicheka. Nawaacha wacheke, kisha nawaambia nilichojifunza: hesabu yangu ilikuwa sahihi, na kwa usahihi wake peke yake Masika angekufa. Aliyemwokoa ni mama aliyeepua chungu chake maharage yakiwa bado mabichi, naye nyumbani ana watoto wanaongojea kula.